Mandari: Kutoka Shamba la Marseille hadi Vivuli vya Dubai

Mandari ni safari na ni chakula kwa wakati mmoja. Anayekula uani kwake, hata akitandika mkeka chini ya mpera, hajaenda mandari. Na anayekwenda shamba kutazama mikarafuu yake akarudi bila kutia tonge mdomoni, naye hajaenda. Sharti pawepo njia ya kupita, kivuli cha kufikia, na mchana mzima usio na kazi. Wazanzibari walioishi Dubai kwa miaka sitini sasa wamelichukua neno hili pamoja nao, na jambo lenyewe pia. Lakini jambo hilo limebadilika njiani, na mabadiliko yake yanasema mengi kuhusu Unguja waliyoiacha kuliko hadithi wanazosimuliana wakiwa wamekaa mkekani.

Kuna neno la pili linalofaa kuwekwa karibu nalo tangu mwanzo: kikoa. Kula kikoa ni kula kwa kuchangiana, kila mmoja na sehemu yake au kila mmoja na zamu yake. Mandari ya wakubwa wa Unguja haikuwa kikoa. Ilikuwa na mwenyeji mmoja, naye ndiye mwenye shamba, mwenye punda, mwenye wapishi. Mgeni alileta mwili wake na nguo zake nzuri. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo itakayofuatwa hapa.

Wafaransa, ambao dunia nzima huwasifu kwa chakula kirefu cha mchana chini ya miti, walianza upande wa pili. Neno lao pique-nique, lililokwisha kuandikwa katika karne ya 17, lilimaanisha kwanza chakula cha kuchangiana, tena ndani ya nyumba. Kwenda nalo majanini kulikuja baadaye. Kwa Kiswahili chao, tuseme, walitoka kikoa wakaenda mandari. Mwaka 1863, Édouard Manet alipoonyesha mjini Paris mchoro wake wa chakula cha mchana juu ya majani, watu walikasirishwa na mwanamke aliyekaa uchi kati ya wanaume waliovaa. Kikapu kilichopinduka pembeni, matunda na mkate vikimwagika, hakikumkasirisha mtu. Aliyekipakia hayumo pichani.

Wakati huohuo, Unguja, mandari ilikuwa katika siku zake za fahari. Chanzo chetu kikubwa ni Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, na kufariki mwaka 1924 nchini Ujerumani akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza jumba la Mtoni lililokaa baharini, na baraza ya mviringo iliyojengwa mbele yake ambapo baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alizoea kukaa na kutembeatembea akitazama merikebu zake, huku kahawa ikinywewa. Kisha anaeleza safari za mashamba. Anasema baba yake alikuwa na mashamba 45. Hayo hayakuwa mahali pa kuvuna karafuu peke yake. Yalikuwa ni sababu ya kuutoka mji. Msafara uliondoka mapema kabla jua halijawa kali, mabibi wakipanda punda weupe waliopambwa, watumwa wakikimbia kando yao, vyakula na matandiko vikiwa vimetangulizwa. Majirani wa mashamba walialikwa, na nyumba ikajaa hata watu wakalala sakafuni. Hakuna aliyeulizwa ataondoka lini.

Kwa wanawake wa tabaka lile, mandari ilikuwa na thamani ambayo wanaume wao hawakuwa na haja ya kuifikiria. Mjini walikaa ndani. Walitoka usiku wakiwa wamejifunika, na taa mbele yao. Shambani walitembea mchana. Walipanda, walishindana kwa punda, walikula hewani. Hata nyumba za kuogea za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa hivi: ni mahali pa kupumzikia katikati ya safari ya starehe, mbali na kuta za mji, juu ya kilima cha mikarafuu. Mtu akizuru leo huonyeshwa nakshi za chokaa za maua na ndege. Aliyebeba maji hadi pale kilimani hana nakshi.

Katika mashamba yote hayo, moja linahusu hasa mada ya Ufaransa. Khalid bin Said, mtoto wa Seyyid Said aliyefariki mwaka 1854, alivipenda vitu vya Kifaransa kiasi cha kuliita shamba lake Marseille. Bibi Salme anaikumbuka nyumba ile kwa vioo vikubwa vilivyofunika kuta na kwa sakafu ya marumaru nyeupe na nyeusi. Kwa hiyo, katikati ya Unguja, karibu na Machui, kulikuwa na kipande cha Ufaransa cha kubuni, ambapo watoto wa Sultani walikaribishana, wakajiona mara kumi katika vioo, na nje madirishani mikarafuu ikakatwa na watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kukaa.

Shamba hilo liliharibiwa mwaka 1859. Seyyid Said alikuwa amefariki mwaka 1856, na ndugu wawili, Majid na Barghash, waligombania kiti. Barghash, aliyetarajia msaada wa Wafaransa, alizungirwa nyumbani kwake mjini. Dada zake, Bibi Khole na Bibi Salme, wakaingia kwake na kumtoa akiwa amevaa mavazi ya kike, naye akakimbilia Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamejenga maboma. Bibi Salme, kijana wa miaka kumi na tano aliyejifundisha kuandika mwenyewe, ndiye aliyekuwa katibu wa njama ile. Majeshi ya Majid pamoja na mabaharia wa Kiingereza waliletwa kwa himizo la Balozi Rigby, na nyumba ya vioo ikaanguka. Barghash alirudi mjini, akasalimu amri na kupelekwa Bombay. Alitawala baadaye, kuanzia mwaka 1870, na wengi wanamkumbuka kwa majumba na maji ya bomba. Lakini Marseille haikujengwa tena.

Bibi Salme aliandika haya yote akiwa mjane katika nchi ya baridi, mumewe akiwa amefariki mwaka 1870, na aliandika kwanza kwa ajili ya watoto wake ambao hawakupata kuiona Unguja. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Maelezo marefu ya kwanza ya mandari tuliyonayo ni maandishi ya uhamishoni: mama anawaeleza watoto wa ugenini jinsi watu walivyokula kwao. Katika kitabu hichohicho yumo pia Bibi Salme anayeutetea utumwa, anayewaambia Wazungu wasiufananishe na ule wa Marekani, na anayesema hali ya watumwa wa Unguja haikuwa mbaya kama walivyodhani. Upendo wa shamba na utetezi wa utumwa viko katika kalamu moja. Si haki kumtenga mwandishi na kosa la tabaka lake zima, wala si haki kuusoma ukurasa wa punda weupe na kuuruka ule mwingine.

Kwa maana shamba lilikuwa na kalenda mbili. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja, watumwa kwa kawaida walimfanyia bwana kazi siku tano na kuachiwa Alhamisi na Ijumaa walime vipande vyao vya muhogo na mtama. Siku ambazo mwenye shamba angeweza kuja na wageni wake, mpishi na mbeba maji walizihesabu kwa namna nyingine. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, lakini mwenye ardhi alibaki mwenye ardhi, na aliyekuwa mtumwa alibaki juu ya ardhi hiyo kwa hisani, akipalilia kwa malipo ya ruhusa ya kulima.

Hata hivyo, kula nje hakukuwa mali ya wenye mashamba peke yao. Makunduchi, kusini ya Unguja, Siku ya Mwaka inayofuata hesabu ya Kiajemi ya Nairuzi huadhimishwa hadi leo mnamo Julai: kibanda kinachomwa, wanaume wanapigana kwa makuti ya migomba, kisha watu wanakula na kwenda pwani. Ni aibu kwa nyumba kukosa mgeni siku ile. Pwani ya Lamu nayo ilikuwa na matembezi yake ya kwenda Shela na vyakula kichwani. Katika sherehe hizo anayepika ndiye anayekula, na mgeni ni yeyote apitaye. Mandari ya pili hii, ya watu wa kawaida, haikuandikiwa kitabu Berlin. Ndiyo maana ni rahisi kuisahau, na ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba yaliyofika Dubai yametoka Mtoni tu.

Dubai yenyewe haikuwa ngeni kwa pwani ya Afrika Mashariki. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, yakipeleka tende na samaki mkavu na kurudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Boriti hizo ziliezekea nyumba za ukingo wa Khor, na kwa kuwa boriti haiwezi kuzidi urefu wake, upana wa chumba cha Dubai ulipangwa na mkoko wa Afrika. Nyumba za zamani za Al Fahidi zilizosalia zinaonyesha bado zile boriti darini. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939 hadi Rufiji, aliiona biashara hii karibu na mwisho wake. Mabaharia walikijua Kiswahili cha bandarini. Unguja iliijua Ghuba kama inavyomjua jirani anayekuja kila mwaka, akikaa miezi, mara nyingine akioa.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza mkondo huu kuwa wa upande mmoja. Wengi waliuawa, wengine walikimbia. Mwezi Machi mwaka huohuo Rais Abeid Amani Karume alitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali, na baadaye familia za wakulima zikagawiwa eka tatu tatu. Kwa waliopewa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kula embe ya mti walioupanda wenyewe bila kuomba. Kwa walioondolewa, shamba liligeuka kuwa masimulizi. Mambo haya mawili yalitokea siku moja juu ya udongo mmoja, na insha yoyote ya mandari isiyoweza kuyashika yote mawili kwa pamoja haijafika kwenye mada.

Waliokimbilia Ghuba hawakukaribishwa Oman kwa wepesi. Sultan Said bin Taimur aliifunga nchi yake mpaka alipopinduliwa na mwanawe Qaboos tarehe 23 Julai 1970. Dubai ya Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum ilikuwa wazi zaidi. Ilikuwa mji mdogo: Khor ilikuwa imechimbwa upya miaka michache tu iliyopita, daraja la kwanza la kuivuka lilifunguliwa mwaka 1963, mafuta yaligunduliwa mwaka 1966 na kuanza kusafirishwa mwaka 1969. Mtu aliyesoma Unguja, aliyejua Kiingereza na Kiarabu, aliweza kupata kazi ya ofisini au ya kufundisha. Muungano wa Falme za Kiarabu ulipoundwa tarehe 2 Disemba 1971, Wazanzibari walikuwa wamekwisha kuwa na mitaa waliyokutana, misiba waliyozikana, na harusi.

Lakini hawakuwa na shamba. Wala mji wenyewe haukuwa na kivuli cha aina waliyoizoea. Wenyeji wa pwani ya Dubai nao walikuwa na safari yao ya chakula, ila kalenda yake ilikuwa kinyume. Wakati wa joto kali, kabla ya mashine za kupoza hewa, waliouweza waliuacha mji na kwenda katika mitende ya Buraimi, ya Ras al Khaimah au ya Batina, wakakaa huko miezi ya tende kuiva. Maqyadh hayo yalikuwa kukimbia jua. Umeme ulipoenea yalidhoofika, na starehe ikahamia upande mwingine wa mwaka: sasa mtu hutoka kwenda jangwani kuanzia Novemba hadi Machi, na safari hiyo huitwa kashta. Mzanzibari aliyezoea kwenda shamba wakati wowote isipokuwa masika alilazimika kujifunza kwamba mandari, kama karafuu, ina msimu.

Serikali ya mji ilimsaidia bila kumkusudia. Bustani ya Safa ilifunguliwa mwaka 1975. Mushrif, nje ya mji, ilihifadhi msitu wa mighafu, mti wa jangwani ambao kivuli chake ni chepesi lakini ni cha kweli. Katika miaka ya 1990 zikafuata bustani ya ukingo wa Khor na ile ya Mamzar, mpakani mwa Sharjah, yenye ufuko, minazi na sehemu maalumu za kuchomea nyama. Kwa mtu wa pwani ya Afrika, Mamzar ina kitu ambacho Mushrif haina: mnazi ulioinama na maji nyuma yake. Ni mnazi wa kumwagiliwa kwa bomba, uliopangwa na manispaa, lakini macho hayaulizi maswali hayo. Kwa miaka mingi pia bustani ya Mamzar ilitenga Jumatatu na Jumatano kwa wanawake na watoto wadogo. Bibi Salme angeielewa sheria hiyo mara moja: mlango unafungwa ili wanawake wafungukiwe. Wazee wa Kizanzibari waliotoka katika desturi ya ndani na nje waliitumia kama mabibi wa zamani walivyolitumia shamba.

Hapa ndipo kikoa kinapoingia. Mandari ya Dubai haina mwenyeji. Haiwezi kuwa naye, kwa sababu hakuna mwenye ardhi. Kivuli ni cha manispaa, na anayefika asubuhi ndiye anayekipata. Kwa hiyo chakula kinagawanywa. Nyumba moja inaleta pilau katika sufuria iliyofungwa kwa taulo isipoe; nyingine katlesi na sambusa; nyingine mkate wa kumimina; nyingine mishkaki iliyolala usiku kucha katika tangawizi na ndimu, ikingoja makaa. Boko boko, ambayo Waarabu huiita harisi na ambayo mwaka 2023 iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia, huletwa na yule mwenye mkono wa kuipiga, maana ngano na nyama zisizopigwa vya kutosha haziwi boko boko bali uji wenye mabonge. Halua hununuliwa. Kahawa chungu hutoka katika chupa, na watu wanakaa hadi alasiri, wazee wakisinzia, vijana wakiwa karibu na bahari.

Mambo yanayotendeka hapo si chakula tu. Ofisini na shuleni Kiswahili hakina kazi, na kuna waliofundishwa kukificha, kwa sababu Kiswahili kilimtaja mtu asiyetaka kutajwa: kwamba babu yake alirudi, hakukaa, kwamba damu yake ina bara jingine. Kwa raia wa asili ya Unguja, lafudhi ilikuwa ushahidi. Kwa wasio na uraia, ilikuwa hatari zaidi. Miongoni mwa wakazi wasio na utaifa katika Falme za Kiarabu wapo wenye asili ya Zanzibar, na baada ya Comoro kupitisha sheria yake ya uraia wa kiuchumi mwaka 2008, maelfu ya wakazi wa aina hiyo walipewa pasi za visiwa ambavyo wengi wao hawajavikanyaga. Mtu anaweza kuzaliwa Dubai, akawa na karatasi za Moroni, na akaota kwa Kiswahili cha Malindi. Chini ya mnazi wa Mamzar, mkeka ukitandikwa, hakuna anayeulizwa karatasi. Sauti hupandishwa. Utani wa kimji hurudi. Mtoto aliyejibu kwa Kiarabu wiki nzima husikia neno "mwanangu" kwa lafudhi isiyokuwa ya televisheni.

Na husikia pia hadithi za shamba. Hizi ndizo zinazotaka uangalifu. Masimulizi ya wazee wa uhamishoni yana utaratibu wake: kwanza harufu ya karafuu ikianikwa, kisha embe za aina saba zikitajwa kwa majina, kisha mto wa kuogea, kisha nyumba na ufunguo wake. Mara nyingi ni kweli tupu. Kinachokosekana ni mtu. Mashamba haya yanapaliliwa na yenyewe, chakula chake kinajipika, maji yanajipandisha kilimani. Adam Shafi aliijibu kumbukumbu hii mwaka 1978 katika riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad, akimweka Kijakazi, mtumishi, mbele ya msomaji ili jasho lake lionekane kabla ya starehe ya bwana wake. Wako wasomaji wa Ghuba wanaokiona kitabu hicho ni cha siasa ya washindi, na ni kweli kilikuwa na upande wake. Lakini kinajibu swali ambalo mkekani halijaulizwa, nalo ni swali la jikoni: nani aliamka saa kumi alfajiri?

Ajabu ni kwamba mandari ya Dubai yenyewe inalijibu kwa vitendo. Mjukuu wa mwenye shamba, aliyesimuliwa punda weupe, ndiye aliyekatakata vitunguu usiku. Ndiye aliyebeba seredani kutoka katika gari na kupuliza makaa hadi machozi yakamtoka. Wako wenye watumishi wa nyumbani, wala jambo hilo lisifichwe, kwani Dubai ni mji wa watumishi. Lakini desturi ya kila nyumba kuleta sufuria yake imefanya aibu ya kutopika kuwa kubwa kuliko fahari ya kupikiwa. Kwa hili, mkeka wa Mamzar uko karibu na Makunduchi kuliko Mtoni, ingawa hadithi zinazosimuliwa juu yake bado ni za Mtoni.

Pembeni mwa bustani zilezile wapo wengine wanaokula nje. Wafanyakazi wa ujenzi, wengi kutoka Asia Kusini na sasa pia kutoka Kenya na Uganda, hula chini ya kivuli cha jengo lisilokwisha. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri. Katazo hilo lilianza mwaka 2005, kwanza kwa miezi miwili. Kwa hiyo wao nao wana mchana mrefu wa nje, wa saa mbili na nusu, uliopangwa na serikali, katika miezi ambayo hakuna mtu mwingine anayethubutu kutandika mkeka. Kijana wa Mombasa anayelinda jengo na bibi wa Kiunguja anayekwenda Mamzar wanazungumza lugha moja, na mara chache sana wanakaa sinia moja. Mandari imevuka bahari. Mpaka huo haijauvuka bado.

Siku nayo imehama. Hadi mwaka 2006 mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, siku zilezile ambazo wapalizi wa karafuu waliachiwa vipande vyao. Kisha yakawa Ijumaa na Jumamosi, na mandari ikashika desturi yake: sala ya Ijumaa, kisha safari, watu wakifika bustanini mchana umekwisha kulainika, au wakienda hadi Hatta, kipande cha Dubai kilichoko kwenye milima ya Hajar, ambako kuna mitende na maji ya mabonde na ambako wazee husema hewa inafanana na ya shamba kidogo. Tangu tarehe 1 Januari 2022 serikali imehamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikabaki nusu siku ya kazi. Sharjah, ng'ambo tu ya Mamzar, ilichagua siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Familia yenye nyumba pande zote mbili za mpaka ilibidi ikubaliane upya nani ataleta nini na lini, na wengi wameiacha Ijumaa. Sasa sufuria hupakiwa Jumamosi asubuhi. Vijana hutuma ujumbe wa simu wakiita kashta. Bibi huijibu kwa neno lake, mandari, na kuuliza kama kuna aliyekumbuka makaa.